Sungura na Ngazi za Nyumba

Nyumba nyingi za Bunia hazina ghorofa, na wafugaji wengi huweka sungura wao katika vibanda uani. Lakini aliye na ghorofa, na watoto wampendao sungura wao hata kumlaza ndani kwa hofu ya mbwa na wezi, na azitazame kwanza ngazi zake.

Paka hushuka ngazi bila taabu, sungura sivyo. Nyayo zake zimefunikwa manyoya matupu, kwa hiyo huteleza juu ya saruji iliyosuguliwa. Kupanda hupanda upesi, maana miguu yake ya nyuma ina nguvu nyingi. Shida ni kushuka. Tena mifupa yake ni myepesi mno: akianguka, au hata akipiga mateke mikononi mwa mtoto asiyejua kumshika, uti wa mgongo waweza kuvunjika na miguu ya nyuma ikapooza. Jambo hilo lilitukia nyumbani mwetu. Mtoto alilia siku tatu, nami sikuwa na neno la kumwambia, ila kwamba kosa lilikuwa langu.

Sasa pana kizuizi cha mbao juu ya ngazi na kingine chini, na sakafuni tumetandika mikeka. Sungura wa pili hubebwa: mkono mmoja chini ya kifua, mwingine ukitegemeza makalio, wala hashikwi masikio kamwe. Usiku hulala chini katika sanduku lenye majani makavu, ayatafune atakavyo, kwa kuwa meno yake hayaachi kukua. Nyaya za umeme nazo huzitafuna kwa furaha. Hizo tumezitundika juu.