Kijana Akipatwa na Kiharusi, Msifiche Vidonge Vyake

Fikiri asubuhi moja hapa kwetu Masanze. Baba wa watoto watatu, umri wake miaka 35 tu, anainuka kitandani na kuanguka. Mdomo umekwenda upande, mkono wa kuume haushiki kitu, maneno hayatoki. Mara wazee wanakaa chini ya mwembe kuulizana nani amemroga, maana kila mtu anajua kiharusi ni ugonjwa wa wazee na wa wenye presha.

Kumbe sivyo siku zote. Kuanzia mwaka 2003 hadi 2006 madaktari waliwatafuta wagonjwa wa kiharusi katika wilaya ya Hai na sehemu ya Dar es Salaam. Habari waliyoitoa mwaka 2013 ilionyesha kwamba kule Dar es Salaam hatari ya kiharusi kwa mwenye virusi vya UKIMWI ilikuwa zaidi ya mara tano ya yule asiye navyo. Virusi huvimbisha kuta za mishipa, damu ikaganda, na njia ya kwenda ubongoni ikaziba. Tena mwili ukidhoofika, kifua kikuu nacho hupata nafasi ya kuingia hata kwenye ubongo.

Kule Hai karibu robo ya wagonjwa walifariki mwezi wa kwanza, na zaidi ya nusu kabla ya miaka mitatu kwisha. Basi mwenye virusi asiyepata dawa ana mizigo miwili.

Sasa lipo jambo linalonisumbua. Mgonjwa huyu hawezi kusema. Vidonge vyake viko ndani ya sanduku, chini ya nguo. Mkewe anajua, lakini mashemeji wamejaa chumbani. Daktari anauliza, "Alikuwa akitumia dawa gani?" Mama wa watu anainamisha kichwa: "Hakuna." Siku zinapita bila dawa, na virusi vinazaana. Simlaumu mama yule. Aibu ni kitu kizito. Lakini wewe mwombe daktari mzungumze faraghani, umwonyeshe kopo lenyewe. Na kama hakuna ajuaye, kubalini damu ipimwe. Dawa hizi hutolewa bure.

Msimlishe uji akiwa amelala chali. Ukipita njia mbaya huingia mapafuni, na wengi huuawa na homa ya mapafu, si na kiharusi chenyewe. Asiyeweza kumeza hupitishiwa chakula kwa mpira puani. Waulizeni wauguzi vidonge navyo vitolewe vipi. Mgeuzeni mara kwa mara asipate vidonda.

Najua barabara yetu ilivyo wakati wa masika. Hata hivyo mpelekeni siku ile ile, Kilosa kwenye hospitali ya wilaya au Mikumi kwa Mtakatifu Kizito. Na mashemeji wakiuliza vidonge vile ni vya nini, waambieni ni dawa alizoagiza daktari.