Mpira ni wa vijana, daftari la fedha liko kwa nani?

Ukiwauliza wazee wetu kwa nini vijana hawajitokezi kushika uongozi katika jumuiya zetu, hapa ughaibuni ama huko nyumbani, jibu lao limeshatayarishwa: vijana wa siku hizi wamezidi mpira. Sisi tunaona kinyume chake. Uwanja wa mpira ni miongoni mwa mahali pachache palipobaki ambapo kijana asiye na pesa wala ukoo mkubwa anaweza kujifunza kuongoza watu. Kibaya ni kwamba hata hapo tumemnyang'anya nafasi. Tunamwachia njumu na jasho, halafu muhuri, daftari la fedha na kiti cha mwenyekiti tunabaki navyo sisi wakubwa.

Wapo waliojaribu njia nyingine, na mfano tunaoujua vizuri zaidi uko Nairobi, katika bonde la Mathare. Mwaka 1987 Bob Munro, raia wa Canada aliyekuwa akifanya kazi za ushauri wa mazingira na maendeleo, alianzisha huko pamoja na vijana wa mtaa chama kinachoitwa Mathare Youth Sports Association, kwa kifupi MYSA. Habari za mzungu aliyekuja Afrika na mpira mkononi tumezisoma nyingi, na nyingi huishia siku ile mzungu anapopanda ndege kurudi kwao. Hii haikuishia hapo. Kufikia miaka ya 2000 wanaocheza katika ligi zake walikuwa wameshapita 14,000, wavulana kwa wasichana, na chama kingali hai hadi leo.

Siri yake iko katika kanuni, na kanuni hizo zinastahili kusomwa polepole. Mathare ya wakati ule taka zilikuwa hazizolewi na mtu. Mvua ikinyesha, mitaro imeziba, maji machafu yanaingia vyumbani na watoto wanaugua. Kwa hiyo ikaamuliwa kwamba timu haipati pointi kwa kufunga magoli peke yake. Ikitoka na mabeleshi, reki na mikokoteni ikasafisha mtaa wake, inaongezewa pointi 6 katika msimamo wa ligi, yaani sawa na kushinda mechi mbili. Timu yenye mafundi wa chenga lakini wavivu wa beleshi inaweza kuupoteza ubingwa hivi hivi mbele ya macho yake. Mwaka 1992 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako hapo hapo Nairobi, lilikitunuku chama hiki tuzo ya Global 500.

Kanuni nyingine ilihusu nidhamu. Ndani ya uwanja anayeruhusiwa kuzungumza na refa ni kapteni peke yake. Na mchezaji aliyepewa kadi nyekundu hakai tu nyumbani akisubiri adhabu imalizike. Anatakiwa kwanza achezeshe mechi za watoto wadogo yeye mwenyewe akiwa refa. Hebu fikiria kijana wa miaka 16 aliyemtukana refa Jumamosi iliyopita, leo ana filimbi mdomoni, na watoto ishirini na wawili wanampigia kelele kwamba ile ilikuwa penalti. Hakuna semina ya hotelini itakayomfundisha somo hilo, hata ikiwa na posho na chakula cha mchana.

Lakini lililotuvutia zaidi ni nani anayeendesha mambo. Ligi ziligawanywa kwa kanda, kila kanda na kamati zake, na kamati zilichaguliwa na vijana wenyewe kutoka miongoni mwao, wengi wakiwa bado watoto wa shule. Wao ndio waliopanga ratiba katika viwanja vichache visivyotosha, wao ndio waliosikiliza malalamiko ya timu iliyofungwa na wao ndio waliohesabu mabeleshi jioni. Aliyejitolea zaidi, kwa urefa, kwa ukocha wa watoto ama kwa usafi, alijikusanyia pointi zake binafsi, na wenye pointi nyingi walipata tuzo ya uongozi. Tuzo hiyo ni karo, nayo hulipwa moja kwa moja shuleni. Hapo utaona jambo ambalo vyama vyetu vingi vya siasa havijalijua hadi leo: mtu anapandishwa kwa kazi iliyoonekana, na aliyempandisha anamjua.

Wenye kupenda vikombe nao walipata chao. Mwaka 1994 iliundwa timu ya wakubwa, Mathare United, na wachezaji wake nao wakatakiwa kutoa saa zao kwa kazi za kujitolea mtaani. Ikatwaa kombe la taifa mwaka 1998, kisha mwaka 2008 ikawa bingwa wa Ligi Kuu ya Kenya chini ya kocha Francis Kimanzi. Msomaji wetu atakumbuka mwaka 2008 ulianzaje. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu zaidi ya 1,100 nchini Kenya, na Mathare ni miongoni mwa mahali palipowaka. Hatusemi mpira ulizima moto ule, maana haukuuzima. Tunasema tu kwamba katika bonde lile lile, ambako jirani alimwuliza jirani yake kabila, palikuwa na vijana waliozoea tangu utotoni kupiga kura ya kamati pamoja, kushindwa, na wiki inayofuata kushika mkokoteni mmoja.

Wala hilo si dogo ukikumbuka vilabu vyetu vilikotoka. Abaluhya United ilianzishwa mwaka 1964 na Gor Mahia mwaka 1968, zote zikiwa na mizizi katika jumuiya za makabila, hata ikafika mwaka 1980 serikali ya Kenya ikaamuru majina ya kikabila yaondolewe, na Abaluhya ikawa AFC Leopards. Timu za MYSA zilikuwa za mtaa. Unachezea pale unapolala, na jirani yako ndiye beki wako, baba yake ametoka Kisumu ama Machakos hilo halikuhusu.

Tanzania nayo ina historia yake. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na mwaka uliofuata ikazaliwa ile ambayo baadaye iliitwa Sunderland na kuanzia mwaka 1971 ikaitwa Simba. TANU haikuwepo hadi mwaka 1954. Katika miaka ile karibu ishirini ya katikati, Mwafrika wa Dar es Salaam alipotaka kujua mkutano unaendeshwaje, ada inakusanywaje na mwenyekiti anang'olewaje bila ngumi, klabu ya mpira ilikuwa moja ya shule chache zilizokuwa wazi kwake. Abeid Amani Karume naye, kabla ya kuwa Rais wa kwanza wa Zanzibar mwaka 1964, alikuwa mtu wa mpira Unguja. Wakoloni waliona watu wanacheza tu. Hawakuwa wamekosea kabisa, ila mchezo haukuishia uwanjani.

Kwa mtoto wa kike njia ni ndefu zaidi. MYSA ilianza kuwaingiza wasichana mwaka 1992, na kikwazo cha kwanza hakikuwa ufundi wa mpira. Kikwazo kilikuwa nyumbani: nani atateka maji, nani atamlea mdogo mgongoni, na wazazi watasema nini wakiona binti amevaa kaptura. Ikabidi viongozi waende nyumba kwa nyumba kuzungumza na akina mama. Huko pwani, Kilifi, Mwingereza Sarah Forde alianzisha Moving the Goalposts mwaka 2001, na kule wasichana hawakuishia kucheza. Walikabidhiwa kamati za viwanja, wakafundishwa urefa, ukocha na huduma ya kwanza. Wanaoijua Kilifi, na jinsi mabinti wengi wanavyoacha shule mapema huko, wataelewa maana ya msichana wa kijijini kusimama mbele ya watu mia na kutangaza kwamba bao limekataliwa.

Sasa turudi kwetu, sisi tulioondoka makwao, wengine kwa kupenda na wengine kwa kukimbia. Mwaka 1999 MYSA ilipeleka utaratibu wake katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini magharibi mwa Kenya, kwa ushirikiano na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi. Mkimbizi hana kura. Hana kura katika nchi aliyoikimbia na hana katika nchi iliyompokea; mgao wa unga unaamuliwa na wengine, na hata safari ya kutoka nje ya kambi inahitaji ruhusa. Ndani ya klabu yake, kijana huyo huyo anamchagua mwenyekiti, anamhoji mweka hazina na anaweza kuwaondoa wote wawili. Aliyekaa miaka mingi bila kuulizwa maoni yake na mtu yeyote anajua hilo lina uzito gani. Sisi tunalijua.

Ndiyo maana tunasikitika tunapovitazama vilabu vingi vya Waswahili hapa ughaibuni. Bonanza linapangwa, wazee watano wanakutana sebuleni kwa mmoja wao, wanagawana vyeo, wanaamua jezi rangi gani na mapato yaende wapi. Kapteni anapigiwa simu siku mbili kabla aje na wachezaji kumi na moja. Akiuliza michango ya mwaka jana imefikia ngapi, anaambiwa hana adabu. Halafu tukifika miaka hamsini na kitu tunashangaa kwamba hakuna wa kumwachia chama, na watoto wetu waliozaliwa huku hawataki hata kukanyaga ukumbini.

Nyumbani kuna ugonjwa mwingine. Uchaguzi ukikaribia, mheshimiwa anashusha jezi zenye picha yake, mipira kumi na kombe linalobeba jina lake. Uchaguzi ukipita, kombe limekufa. Kijana anayelelewa katika ligi ya namna hiyo anajifunza uongozi pia, tusidanganyane, ila anajifunza ule wa kupiga makofi na kusubiri mfadhili. Wengi wa wanaotutawala leo ni wahitimu wa shule hiyo.

Tulioko huku hatuna hata kisingizio cha kukosa mahali pa kujifunzia. Uingereza kijana wa miaka 14 anaruhusiwa kusomea urefa na kuchezesha mechi za watoto. Ujerumani klabu inayotaka kusajiliwa inahitaji wanachama waanzilishi saba, katiba na mkutano mkuu, na mwenye umri mdogo anaweza kuhesabiwa humo kwa idhini ya wazazi. Watoto wetu wanachezea vilabu hivyo kila Jumamosi na wanaona mambo yanavyokwenda, kisha Jumapili wanakuja kwenye timu ya jumuiya na kukuta mwenyekiti ni yule yule waliyemkuta walipokuwa chekechea.

Tunachopendekeza ni kidogo na hakihitaji mfadhili. Nusu ya kamati ya bonanza iwe ya walio chini ya miaka 25, wachaguliwe na wachezaji, wasiteuliwe na baba zao. Mweka hazina awe mmoja wao, na mzee mmoja mwenye ujuzi wa hesabu akae pembeni yake, asimpokonye kalamu. Hesabu zibandikwe ukumbini ndani ya wiki mbili. Zikiwa na makosa, na mara ya kwanza hazitakosa, zisahihishwe mbele ya watu. Fedha zenyewe ni za maji, jezi na kukodi uwanja. Zikipotea, hasara yake ni nafuu kuliko zile tunazozipoteza sasa bila hesabu kubandikwa.

Msimu wa joto ukianza mabonanza yatarudi, na Mungu akipenda sisi tutakuwepo kandokando ya uwanja na viazi karai vyetu. Tutauliza nani ameshika kitabu cha risiti, na tutaandika jibu tulilopewa.