Kelele za Mashine ya MRI Nazo Zipimwe

Hapana anayebisha faida ya mashine ya MRI. Kwa nguvu ya sumaku na mawimbi ya redio, mashine hii humwonyesha daktari ubongo, uti wa mgongo na viungo vingine vya ndani bila ya kumpasua mgonjwa, na bila ya kutumia mionzi ya eksirei. Kwetu sisi watu wa visiwani, tuliozoea kuvuka bahari kufuata uchunguzi mkubwa, kila mashine ya aina hii inayosogezwa karibu ni neema. Hata hivyo, liko jambo moja juu yake ambalo halizungumzwi ipasavyo, nalo ni kelele zake.

Mgonjwa huingizwa katika tundu jembamba akatakiwa atulie tuli, mara nyingi kwa dakika 20 hadi 45. Punde si punde mashine huanza kugonga kama nyundo juu ya bati, kisha hunguruma, kisha hulia kwa mfululizo. Asiyeelezwa mapema hudhani kuwa mashine imeharibika naye yumo ndani. Akishtuka hutikisika, akitikisika picha huharibika, na kazi hubidi irudiwe wakati wagonjwa wengine wanangoja zamu. Kwa hiyo kelele hizi si udhia wa masikio tu. Ni hasara ya muda na ya fedha za umma.

Chanzo chake si ubovu wa mashine. Ndani ya sumaku kubwa, ambayo kwa kawaida haizimwi usiku wala mchana, zimo koili nyingine zinazopelekewa umeme na kugeuziwa kwa kasi kubwa, ili ijulikane kila ishara inatoka sehemu gani ya mwili. Waya wenye umeme ukiwa ndani ya sumaku husukumwa. Umeme ukigeuka, nao husukumwa upande wa pili. Basi koili hutetemeka, na mtetemo huo hutikisa hewa. Ni kanuni ile ile inayoifanya spika ya redio itoe sauti, ila hapa spika ni kubwa kuliko mtu, na mtu yumo ndani yake.

Wataalamu wamelitambua jambo hili tangu zamani. Peter Mansfield wa Nottingham, Uingereza, aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2003 pamoja na Paul Lauterbur wa Marekani, ndiye aliyebuni njia ya kupiga picha hizi kwa haraka sana, na njia hiyo ni miongoni mwa zenye kelele kubwa zaidi. Yeye mwenyewe baadaye alifanya utafiti wa kuzipunguza. Mwaka 2001 watafiti wa Uingereza walitangaza matokeo ya kupima mashine 15 za nguvu mbalimbali. Iliyokuwa na kelele ndogo ilitoa desibeli 82 na nusu hivi; iliyokuwa na kelele kubwa, yenye sumaku ya tesla 3, ilitoa desibeli 118.

Tarakimu hizo zisichukuliwe kama kilo za mchele. Kila zinapoongezeka desibeli 3, nguvu ya sauti huwa maradufu. Kwa kanuni inayotumiwa na wataalamu wengi wa afya kazini, mfanyakazi anaweza kukaa saa 8 penye desibeli 85. Penye desibeli 100 muda huo hushuka hadi dakika 15 tu. Ni kweli kwamba kanuni hiyo imewekewa watu wanaokabili kelele kila siku kwa miaka mingi, na mgonjwa huingia mara moja akatoka. Lakini mwaka 1988 watafiti wa Marekani waliripoti kuwa baadhi ya wagonjwa waliopimwa bila ya kinga masikioni walipungukiwa na usikivu kwa muda. Kanuni za kimataifa za mashine hizi nazo zimeweka mpaka: kelele zinapoweza kupita desibeli 99, ni lazima mgonjwa akingwe masikio.

Sasa, nani atajua kama mpaka huo umepitwa, iwapo hapana aliyepima? Kupima kwenyewe kunataka uangalifu. Kipimio cha kawaida chenye vyuma hakifai kuingizwa chumbani, kwani sumaku inaweza kukivuta kwa kishindo au kukipotosha hesabu. Hutumika maikrofoni isiyovutwa na sumaku, iliyoungwa kwa waya mrefu na chombo kilichobaki nje ya chumba. Maikrofoni huwekwa pale pale kinapolala kichwa cha mgonjwa, na mashine huendeshwa kwa zile picha zenye kelele kubwa kuliko zote, si kwa zile za upole. Tena inafaa kupima chumba cha watumishi na wodi za jirani, kwani mtetemo husafiri katika sakafu na kuta.

Wako watakaosema kuwa mgonjwa wa ubongo ana shida kubwa kuliko masikio yake. Tunakubali, na hatusemi mashine izimwe. Tunasema kwamba kinga yenyewe ni rahisi mno ikilinganishwa na bei ya mashine, hata haistahiki kusahauliwa. Lakini nayo ina masharti yake. Kizibo cha sikio kilichotiwa ovyo hupoteza sehemu kubwa ya faida yake. Na mtu akivaa vizibo pamoja na vifuniko vya masikio, kinga mbili hizo hazijumlishwi, kwa sababu sauti nyingine hupita katika mifupa ya kichwa. Nyongeza inayopatikana ni ndogo.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wanaohusika wayatazame mambo matatu. Kwanza, zabuni ya kununua mashine ya MRI itaje kiwango cha kelele, na mashine ipimwe kabla ya kupokewa, kisha kila inapofanyiwa matengenezo makubwa. Pili, vizibo vya masikio viwe katika bajeti ya kila mwaka kama zilivyo dawa na glovu, wala mgonjwa asiambiwe vimekwisha. Tatu, kila mgonjwa aelezwe kwa Kiswahili chepesi atakachokisikia, atiwe vizibo na mtumishi aliyefundishwa, na apewe kengele ya kumwita mtaalamu. Watoto wadogo na wasioweza kusema waangaliwe zaidi, maana hawawezi kulalamika.

Nao wananchi wasione haya kuuliza. Mwenye kuingia katika mashine hiyo bila ya kinga masikioni ana haki ya kusema, kabla haijawashwa, kwamba bado hajawa tayari.