Kwa nini roki ya Dar haikubaki kwenye santuri

VIJANA waliopiga magitaa ya umeme jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 walianza kwa kuiga nyimbo za Ulaya na Marekani. Novemba 1969 uongozi wa Mkoa wa Pwani, ambao wakati huo ulijumuisha Dar es Salaam, ulipiga marufuku muziki wa soul jijini humo.

Magitaa hayakunyamaza. Mwaka 1970 iliundwa bendi ya Sunburst, iliyochanganya roki, soul na midundo ya Kiafrika. Tatizo lilikuwa kuhifadhi: Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, na Radio Tanzania ilirekodi kwenye tepu kwa ajili ya matangazo yake. Albamu yao, "Ave Africa", ilirekodiwa Zambia mwaka 1976, na kampuni ya Strut ikaitoa upya mwaka 2016.

Nyimbo za kuigwa, ambazo pengine ndizo zilizochezwa zaidi dansini, nyingi hazikupata bahati hiyo, labda kwa kuwa wachache waliona haja ya kurekodi wimbo wa mwingine. Mwenye kutaka kuzisikia zilivyopigwa hapa itambidi amtafute mzee aliyeshika gitaa enzi hizo, awe Kwala au Kisarawe, amwombe azipige.