Mv Victoria: Meli ya mwaka 1961 ilivyorudi kazini kwa robo ya bei ya meli mpya

KILA mwenye mashine kongwe hufika siku moja kwenye swali hili: aitengeneze, au aiuze kama chuma chakavu? Hukutana nalo mwenye mashine ya kukoboa mpunga huko Magu, na mvuvi mwenye injini ya mtumbwi Ukerewe. Mwaka 2014 swali hilo hilo lilitua Mwanza, safari hii kwa chombo cha kubeba abiria 1,200 na mizigo tani 200.

Chombo hicho ni Mv Victoria. Kiliundwa Scotland na kampuni ya Yarrow, kikasafirishwa vipande vipande hadi Kisumu na kuungwa upya huko. Kilianza kazi mwaka 1961 chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, kikizunguka ziwa kwa kuunganisha bandari za Kenya, Uganda na Tanganyika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, meli hiyo ikabaki Tanzania.

Baada ya Mv Bukoba kuzama Mei 21, 1996 na kuua mamia ya watu, Mv Victoria ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa wa safari za Mwanza na Bukoba. Ndizi, kahawa, maharage na abiria wa Kagera walivuka nayo usiku, na asubuhi bidhaa zikawa sokoni.

Iliposimama mwaka 2014 kutokana na uchakavu wa mitambo, wafanyabiashara walibakiwa na barabara. Kwa njia ya Geita na Biharamulo, safari hiyo ni zaidi ya kilomita 400, na wakati huo magari yalilazimika kupanga foleni ya kivuko kati ya Kigongo na Busisi. Ndizi mbivu haisubiri foleni. Kila saa iliyopotea njiani ilimpunguzia mkulima bei.

Hesabu ya ukarabati

Septemba 3, 2018, mikataba minne ilitiwa saini jijini Mwanza. Ukarabati wa Mv Victoria ulitengewa Sh22.7 bilioni, na ule wa Mv Butiama, inayotoa huduma kati ya Mwanza na Nansio, Sh4.9 bilioni. Mkataba wa tatu ulihusu chelezo cha kujengea na kukarabatia meli, na wa nne ujenzi wa meli mpya ya Mv Mwanza.

Hapo ndipo penye somo kwa mwenye mtaji mdogo. Meli mpya, yenye uwezo wa abiria 1,200 na mizigo tani 400, ilisainiwa kwa zaidi ya Sh88 bilioni, na baadaye gharama ikapita Sh100 bilioni. Meli kongwe yenye nafasi ya abiria idadi ile ile ilirudishwa kwa takriban robo ya bei ya mkataba huo. Tofauti nyingine ilikuwa muda: Mv Victoria ilirejea mwaka 2020, wakati Mv Mwanza ilishushwa majini Februari 2023, kazi ya kuikamilisha ikiwa bado inaendelea.

Hata hivyo, unafuu huo una masharti. Kwanza ni hali ya bodi. Fundi hupima unene wa mabamba ya chuma, kwa sababu kutu inaweza kula ndani huku rangi ya nje ikionekana nzima. Bamba lililokwisha hukatwa na kuchomelewa jipya. Bodi ikiwa imeoza sehemu kubwa, fedha za injini ni za kutupa ziwani.

Pili ni vipuri. Injini ya miongo mingi inaweza kufunguliwa, kusafishwa na kufungwa upya, lakini ikiwa vipuri vyake havitengenezwi tena, kila hitilafu huwa kusimama kwa miezi. Ndiyo maana Mv Victoria iliwekewa injini kuu mpya, majenereta mapya na vifaa vipya vya kuongozea.

Tatu ni majaribio. Shafti inayounganisha injini na propela lazima inyooke sawasawa, vinginevyo mtetemo huharibu beringi mapema. Uzito wa mitambo mipya ukitofautiana na wa zamani, meli hubadilika namna inavyokaa majini, kwa hiyo hupimwa uthabiti wake kabla ya kuruhusiwa kupakia watu.

Meli hiyo ilirudi ikiitwa New Victoria Hapa Kazi Tu. Safari ya Bukoba kupitia Kemondo, iliyokuwa ikichukua usiku kucha, ilipungua hadi saa sita au saba. Kwa mchuuzi, tani 200 za mizigo ni sawa na malori 20 ya tani 10, na mwenye mikungu michache aliweza kulipia nafasi yake bila kukodi lori zima.

Mshindani mpya

Ushindani umebadilika tangu wakati huo. Juni 19, 2025, Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa kilomita tatu lilifunguliwa kati ya Kigongo na Busisi, na foleni ya kivuko ikaisha. Mfanyabiashara sasa hupima nauli ya mzigo, muda wa safari na hasara ya bidhaa kuharibika, kisha huchagua ziwa au lami.

Kwa hiyo thamani ya ukarabati haihesabiwi siku ya kukabidhiwa chombo. Injini mpya ndani ya bodi ya mwaka 1961 inadai mafuta safi, vipuri stoo na kupandishwa chelezoni kwa wakati. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga anaijua hesabu hiyo: asiyetenga fedha ya matengenezo katika kila gunia analokoboa atarudi kwa fundi akiwa na deni. Meli ikikosa safari kadhaa mfululizo, mwenye ndizi atahamia kwenye lori, na kumrudisha ni kazi ngumu.