Jiko Katika Nyumba Isiyovuja Hewa

Wengi miongoni mwa wasomaji wetu wana watoto, ndugu au mashemeji waishio Ulaya, na baadhi yao wamehamia katika nyumba mpya zilizojengwa kwa kuokoa nishati. Nyumba hizo zina raha yake, lakini jiko lake lina kanuni ambazo mpishi aliyelelewa pwani hakuzikuta kwao. Tumeona ni wajibu kuzieleza, kwa kuwa suala hili linagusa uhai wa familia.

Mwaka 1991, huko Darmstadt, Ujerumani, familia nne zilihamia katika nyumba za safu zilizosanifiwa chini ya uongozi wa mwanafizikia Wolfgang Feist. Kuta zake zilikuwa nene na nyufa zimezibwa, hata joto kidogo tu likatosha kuwapasha wakazi majira ya baridi. Kwa kuwa nyumba isiyovuja haipumui yenyewe, hupewa mtambo wa kubadilisha hewa. Mtambo huu hutoa hewa chafu ya jikoni na bafuni, huingiza hewa safi vyumbani, na huifanya hewa inayotoka iachie joto lake kwa ile inayoingia pasipo kuchanganyika.

Mtambo huo hufanya kazi kwa mizani. Familia ya watu wanne huhitaji takriban mita za ujazo 120 za hewa kwa saa. Sasa mtundike juu ya jiko kivuta moshi cha kawaida, chenye kutoa mita za ujazo 400 kwa saa kupitia ukutani. Hewa hiyo yote itafidiwa na nini, ilhali madirisha yamefungwa na nyufa hakuna? Ndani ya nyumba kanieneo hushuka, na kifaa chenyewe hulemewa, kikapiga kelele bila kuvuta moshi ipasavyo.

Hatari kubwa zaidi huja pale nyumbani penye jiko la kuni la kupashia joto, linalotumia hewa ya chumbani. Mvuto wa kifaa waweza kuirudisha ndani hewa ya bomba la moshi, pamoja na kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu usingizini. Ndiyo maana Ujerumani fundi wa mabomba ya moshi hukagua kwanza, na aghalabu hufungwa swichi dirishani ili kivuta moshi kisiwake mpaka dirisha lifunguliwe.

Wapo wanaofikiri ni busara kuunganisha kivuta moshi na mabomba ya mtambo wa hewa. Hilo lisifanywe. Mafuta ya kukaangia hugandamana ndani ya mabomba, huharibu sehemu ya kuhifadhi joto, na moto ukizuka hupata njia ya kusambaa.

Njia inayotumika sana ni kivuta moshi kinachorudisha hewa jikoni baada ya kuichuja. Chujio la chuma hunasa mafuta, na la mkaa hupunguza harufu. Mvuke haunaswi na mkaa, hivyo huachiwa mtambo wa nyumba, ambao tundu lake la jikoni huwekwa mbali kidogo na jiko na kupewa chujio lake la mafuta. Njia hii huafikiana na jiko la umeme. Kwa jiko la gesi haitoshi, kwani mkaa huo hauondoi kaboni monoksidi.

Kwa hiyo, anayekaanga sambusa na bajia kila jioni ya Ramadhani azingatie haya: aongeze kasi ya mtambo kabla ya kuwasha jiko na auache uendelee baada ya kupika, afunike vyungu, aoshe chujio la chuma mara kwa mara na abadilishe la mkaa kwa wakati. Penye moto wa aina yoyote, king'ora cha kaboni monoksidi kiwepo. Mpangaji naye asitoboe ukuta kabla ya kumuuliza mwenye nyumba na fundi.

Nasi huku, ambako vyumba vyenye viyoyozi hufungwa kutwa huku gesi ikiwaka jikoni, tusijione tuko mbali na jambo hili. Kila hewa inayotolewa yahitaji nyingine ya kuifidia. Tuwaulize jamaa zetu leo: hewa ya jikoni kwenu huingilia wapi?