Kutoka Missouri Hadi Juja: Vile Hati za Ardhi na Wosia Zinaanika Ukoo wa McMillan, na Wenu Pia

Ukishuka mat pale Juja unawaza keja, fare na bei ya smokie. Fair. Lakini cheki hii: 1909, Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu kuwa rais wa Marekani, alikuwa mgeni kwa shamba la Juja, akiwinda wanyama kwa mbuga ambayo leo imejaa hosteli. Mwenye shamba alikuwa Mmarekani mwenzake, William Northrup McMillan, buda wa mwili mkubwa na mfuko mkubwa zaidi.

Mtaani utaambiwa Juja ilipata jina kwa sanamu mbili za McMillan, moja ikiitwa Ju na ingine Ja. Story tamu, nani atakataa. Lakini ukitaka kujua mtu alitoka wapi, doh yake ilitoka wapi na ardhi yake ilienda wapi, lazima utafute makaratasi. Na makaratasi yenyewe ni mawili zaidi ya yote: hati ya ardhi na wosia. Moja inasema alipata nini akiwa hai. Ingine inasema alimpenda nani, ama alimwogopa nani, akiondoka.

Anza na jina. Hiyo "Northrup" ya katikati si swag. Mamake alikuwa Eliza Northrup kabla aolewe na William McMillan mzee, mfanyabiashara wa mabehewa ya reli huko Missouri. Wamarekani wengi wa zamani walimpa mtoto jina la ukoo wa mama liwe la katikati, kwa hivyo ukiona jina kama hilo, umepata mlango wa upande wa mama bila kuuliza mtu. McMillan alizaliwa St. Louis mwaka wa 1872, na kule wosia hupelekwa kwa korti ya mahali marehemu alikuwa anaishi, nayo hati ya ardhi husajiliwa kwa kaunti. Vitabu vingi vya aina hiyo vimepigwa picha na kuwekwa kwa FamilySearch, na kuviangalia ni bure. Uko na simu na bundles? Unaweza kuanza leo ukiwa kitandani Ruiru.

Cheki pia wajane. Mzee alipokufa, Eliza alilipia jengo la chuo kule Washington University, St. Louis, wakaliita McMillan Hall. Mtoto naye akafa 1925, na mkewe, Lady Lucie, akajenga McMillan Memorial Library pale Banda Street, Nairobi. Ilifunguliwa 1931. (Na ilianza ikiwa ya Wazungu tu. Usisahau hiyo ukipiga selfie na wale simba wa mawe.) Wajane wawili, mabara mawili, wote wanageuza pesa ya marehemu kuwa jengo lenye jina lake. Hapo ndio unaona ukoo ukijirudia.

Twende kwa ardhi. Chiromo, ile unaijua kama kampasi ya University of Nairobi, ilikuwa kwa mikono ya Ewart Grogan kabla ifike kwa McMillan. Huo mnyororo ndio raha ya hati: kila karatasi inakutajia aliyeuza na aliyenunua, kwa hivyo ukishika moja unavuta ile ya nyuma yake, kisha ingine, mpaka ufike kwa serikali ya mkoloni. Na hapo sasa story inakuwa chungu, juu serikali hiyo ndiyo iliyojipa uwezo wa kugawa. Sheria ya ardhi ya 1902 iliruhusu mlowezi kukodisha kwa miaka 99. Ile ya 1915 ikapandisha hadi miaka 999. Katiba ya 2010 ndiyo ilirudisha asiye raia kwa miaka 99 tu.

Kwa hivyo McMillan yuko kila mahali: hati, korti, jengo, hata kaburi. Alizikwa kwa mlima wa Ol Donyo Sabuk, unaouona ukiwa Thika, na mkewe baadaye akazikwa hapo kando. Lakini yule msee aliyelima shamba lake? Yeye hana hati hata moja. Karatasi aliyopewa ni kipande, kile kitambulisho ambacho kila mwanaume Mwafrika wa zaidi ya miaka 16 alilazimishwa kubeba, chenye alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara. Familia nyingi za hii laini ya Thika zinaanzia hapo kwa maandishi. Kama guka alikuacha na kipande kwa mkebe wa majani chai, usikitupe. Piga picha pande zote.

Sasa tuje kwenu. Ploti nyingi za Ruiru na Juja zilikuwa mashamba makubwa ya walowezi, na baada ya uhuru yakanunuliwa na kampuni na vyama vya watu waliochanga pesa. Cucu alipewa cheti cha hisa na namba ya balloti, na hati ikaja miaka mingi baadaye, ama haikuja. Cheti hicho ni karatasi ya ukoo kama ile ya Missouri. Ukiwa na namba ya ploti, omba "search" ya ardhi, kisha uulize kuhusu green card. Si ile ya kwenda majuu, ni ule ukurasa wa rejista unaoonyesha wenye ploti mmoja baada ya mwingine, na tarehe. Ukitaka kurudi nyuma zaidi, fuata "mother title", hati ya shamba zima kabla likatwe. Hapo ndio unaweza kukutana na jina la mlowezi.

Kuna mtego mmoja hapa, na umenipata mimi mwenyewe. Kwa Wakikuyu, kifungua mimba wa kiume hupewa jina la baba ya babake. Kamau anazaa Njoroge, Njoroge anazaa Kamau, na inazunguka hivyo. Nilishinda wiki mbili nikidhani nimepata guka mmoja aliyeishi miaka 110, kumbe walikuwa wawili, babu na mjukuu, Kamau wa Njoroge wote. Kilichowatenganisha ni namba za kitambulisho. Kwa hivyo usiandike jina pekee. Andika jina, namba, mahali na mwaka. Na usishtuke karani akiandika jina vile alilisikia. Jaribu kila spelling.

Wosia nao? Wazee wengi hawakuandika. Lakini mtu akifa na ardhi, familia huenda kortini kuomba urithi, na ilani hutoka kwa Kenya Gazette: jina la marehemu, alikokuwa akiishi, siku aliyokufa na nani ameomba. Gazeti hilo limekuwa likitoka tangu enzi za mkoloni, na matoleo mengi unayapata kwa Google Books. Andika jina la guka na "Ruiru" ama "Thika", uone.

Hapa ndio wengi hulia. Ilani ikitoka, mwenye pingamizi hupewa siku 30. Kabla ya hapo, chifu huandika barua ya kutaja walioachwa na marehemu, na kuna nyumba nyingi ambapo mashangazi wote "walisahaulika" kwa hiyo barua ati waliolewa. Sheria ya urithi inayotumika tangu 1 Julai 1981 haijui mambo ya kuolewa: mtoto ni mtoto, msichana ama kijana. Kwa hivyo ukiipata faili ya guka kule kortini, usisome tu walioandikwa. Beba ile picha ya familia ya Krismasi, uhesabu vichwa, halafu umpigie simu shangazi ambaye hayumo.